Dirisha lisilo na saizi dukani

*Katika nyumba nyingi za wilaya za Mbulu na Hanang hakuna madirisha mawili yanayolingana. Anayetaka pazia la kukaa vizuri ana njia tatu, na zote zinaanzia kwenye futikamba.*

Dirisha la chumba cha uani, nyumbani kwa shangazi yangu mjini Mbulu, lina upana wa sentimita 62 juu na 66 chini. Upande wa kushoto limebakiza sentimita 9 tu kufika kwenye kona ya ukuta. Kingo yake ya chini imeinama. Ukiweka gololi upande wa kushoto, inabingirika yenyewe mpaka upande wa kulia na kuangukia kitandani.

Kwa miaka mingi dirisha hilo limekuwa likizibwa kwa kanga iliyofungwa kwenye misumari miwili. Usiku wa Julai, upepo unaposhuka kutoka upande wa Kainam, mlimani, kanga hutuna na kurudi, na anayelala humo hajifuniki blanketi moja.

Si kwamba shangazi hajahangaika. Mara ya kwanza alinunua pazia lililokwisha kushonwa, la dirisha la futi 5. Lilijaa, likarundikana kwenye ile kona ya kushoto kama shuka lililotupwa juu ya ua likauke. Mara ya pili alipeleka kitambaa kwa fundi. Pazia lilirudi zuri, limepigwa pasi, mshono umenyooka. Lilikuwa fupi kwa sentimita 11.

Hilo la pili ndilo lililonifanya niikubali kazi hii mhariri aliponipa: kuandika juu ya watu wanaojishonea mapazia kwa sababu madirisha yao hayana saizi dukani. Wako wengi, na wanastahili kuandikiwa kwa makini. Pazia halijaza tumbo, hilo najua. Lakini mtu anayelala chumba ambacho mpita njia anaona godoro lake hana raha kamili nyumbani kwake, na mtoto anayepigwa na upepo wa alfajiri mwezi wa saba halali vizuri.

Nyumba iliyopata mwanga mlangoni

Ili kuelewa kwa nini madirisha ya huku yako hivi yalivyo, ni vizuri kuanzia kwenye nyumba ambayo haikuwa na dirisha.

Wairaqw wa milima ya Mbulu walijenga tembe. Walichimba ubavuni mwa mlima, wakasimamisha nguzo, wakafunika juu kwa miti na udongo, na paa likawa karibu sawa na ardhi ya upande wa juu. Mtu aliyesimama mlimani aliona majani, hakuiona nyumba. Ilikuwa kinga dhidi ya wavamizi waliokuja kutafuta ng'ombe, na ilikuwa kinga dhidi ya baridi. Mwanga uliingia mlangoni. Katika nyumba ya namna hiyo dirisha kubwa lingekuwa tundu la adui na la upepo.

Kisha zikaja nyumba za bati na tofali za kuchoma, na dirisha likaja nazo. Lakini halikuja na ramani. Mjenzi alikwenda kwa seremala akakuta fremu iliyobaki kwenye kazi ya mtu mwingine, akainunua kwa sababu ilikuwa nafuu, na ukuta ukajengwa kuizunguka. Chumba cha pili kilipoongezwa miaka sita baadaye, fremu ilikuwa nyingine. Dirisha lilifuata fremu, fremu ilifuata ubao, na ubao ulifuata mfuko.

Nyumba ikiwa kwenye mteremko, kama zilivyo nyingi kuanzia Mbulu mjini kupanda Kainam, kuna jambo jingine. Msingi hutulia polepole, upande mmoja zaidi ya mwingine. Dirisha lililokuwa na pembe mraba siku ya kujengwa, baada ya mvua kadhaa za masika halinazo tena.

Hanang wana hadithi yao. Nyanda za Basotu ni za upepo mtupu. Hapo ndipo yalipoanzishwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Canada, kwenye ardhi ambayo Wabarabaig walilishia mifugo yao, na kuipoteza kwao ni jeraha ambalo bado linazungumzwa. Kiangazi vumbi la huko linapita popote penye upenyo. Anayeishi upande huo hanunui pazia kwa ajili ya kuficha tu. Anataka kitambaa kizito, kinachofika chini ya kingo na kukaa.

Na Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400, neno nyumba halitamkwi kirahisi tangu tarehe 3 Desemba 2023. Siku hiyo tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani vikapita katikati ya mji na vijiji vya jirani, vikaua watu na kuingia majumbani na madukani. Kwa baadhi ya waliopoteza makazi Serikali na wadau wake walijenga nyumba mpya zaidi ya 100 eneo la Waret.

Nyumba zilizojengwa kwa mradi mmoja zina sifa ambayo fundi cherehani huipenda: akishapima dirisha la mmoja, amepima la jirani. Anayekaa kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa awamu hana bahati hiyo. Kila chumba kwake ni kipimo kipya.

> Dirisha lilifuata fremu, fremu ilifuata ubao, na ubao ulifuata mfuko.

Duka, fundi, au mkono wako

Fedha za mapazia zina msimu. Mbulu zinafuata kitunguu saumu, hasa upande wa Bashay, na maharage. Kwingine zinafuata mahindi na ng'ombe wa mnadani. Halafu inakuja Desemba, watoto wanarudi kutoka mijini kwa Krismasi, na hakuna mama anayetaka mkwe aione kanga kwenye misumari.

Njia ya kwanza ni pazia lililo tayari. Linatundikwa mbele ya duka, linang'aa, ringi zimeshapigwa. Mengi ni ya polista kutoka nje. Hayanywei, hayapauki haraka, na yanakauka upesi yakifuliwa. Lakini yameshonwa kwa dirisha la futi 4, 5 au 6. Mwenye dirisha la sentimita 62 analipia kitambaa ambacho hatakitumia, na bado atamhitaji mtu wa kukikata.

Ndugu wa njia hiyo ni mtumba. Mnadani utakuta rundo la mapazia yaliyotundikwa kwenye madirisha ya Ulaya kwa miaka, mazito, mengine yana bitana. Nchi za Afrika Mashariki zilitaka kuuondoa mtumba hatua kwa hatua, zikakubaliana hivyo mwaka 2016, kisha Tanzania ikawa miongoni mwa zilizolegeza msimamo Marekani ilipotishia kuzifungia mlango wa AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Kwa hiyo rundo bado lipo, na kwa anayejua kufumua mshono ni hazina. Pazia moja refu la mtumba linatoa mapazia mawili ya dirisha dogo, pamoja na bitana yake.

Njia ya pili ni fundi. Hapa lazima niseme waziwazi kwamba simwandikii fundi makala ya kumnyang'anya mkate. Fundi wa barazani anaishi kwa sare za shule za Januari na magauni ya harusi, na katikati ya misimu hiyo mapazia ndiyo yanayolipa kodi ya kibaraza. Malalamiko ya mafundi dhidi ya wanaojishonea ni ya haki pia. Mtu anakata kitambaa cha bei kwa mkasi wa jikoni, anakipindisha, kisha anakileta akitaka kirudi kama kilivyokuwa. Kitambaa kilichokatwa kombo hakirudi.

Njia ya tatu ni mkono wako, na wanaojishonea nao wana hoja zao. Fundi yuko mjini, dirisha liko Kainam. Hawezi kupanda mlima kupima tundu moja. Anategemea anacholetewa, na anacholetewa mara nyingi ni uzi wenye fundo.

Uzi wenye fundo

Lile pazia la shangazi lililopungua sentimita 11 halikuharibiwa na cherehani. Nilipomuuliza alipima na nini, alinionyesha: uzi wa sufu aliofumia kitambaa cha kochi, ameupiga mafundo mawili, moja la urefu na moja la upana. Sufu inavutika. Alipoushikilia dirishani peke yake, mkono mmoja juu na mwingine chini, aliulegeza. Kisha alipima kuanzia ukingo wa juu wa dirisha hadi ukingo wa chini, wakati fimbo ya pazia ingekaa juu zaidi. Hakuna aliyemwambia kwamba kitambaa kinaliwa na pindo la juu na la chini. Fundi alishona alichoambiwa.

Nimezunguka na swali hilo la kipimo kwa wiki mbili na ninachoweza kusema ni kwamba mapazia mabaya mengi niliyoyaona yana mshono mzuri. Kosa liko kwenye kipimo. Kwa hiyo ugomvi wa nani ashone, kwangu, unakuja nyuma ya jambo jingine: kipimo kiwe cha mwenye dirisha, kichukuliwe kwa futikamba ya fundi au ya chuma, na kiandikwe kwenye karatasi. Ukishafanya hivyo unaweza kumpelekea fundi, au ukashona mwenyewe.

> Mapazia mabaya mengi niliyoyaona yana mshono mzuri.

Usilifuate dirisha, fuata fimbo

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni hili. Pazia halining'inii dirishani. Linaning'inia kwenye fimbo. Dirisha likiwa limepinda na wewe ukalifuata, utashona pazia lililopinda, na jicho litayaona makosa mawili badala ya moja. Fimbo ikinyooka kwa pima maji, pazia linanyooka nalo, na kombo la dirisha linabaki nyuma ya kitambaa, halina wa kuliona.

Kwa hiyo mimi na shangazi, tulipolishonea dirisha lake pazia upya, tulianza na ukuta. Tulifunga fimbo sentimita 12 juu ya dirisha, imelala sawa kabisa. Kushoto tulikuwa na zile sentimita 9 mpaka kwenye kona, si zaidi. Kulia ukuta ulikuwa mpana, tukaongeza sentimita 25. Dirisha kwa upana wake mkubwa ni 66, ukijumlisha unapata fimbo ya mita moja kamili.

Hapo uamuzi wa pili ukajileta wenyewe. Watu wengi hushona vipande viwili, kimoja kila upande, kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka. Kushoto hapakuwa na mahali pa kipande kukaa kikifunguliwa, kingebaki kimesimama mbele ya kioo na kula mwanga. Tukashona kimoja, kinachovutwa chote kulia.

Upana wa kitambaa huwa ni mara moja na nusu hadi mara mbili ya fimbo. Chepesi kinataka mara mbili ili kipate marinda, kizito kinaridhika na pungufu. Dukani tulipata kitambaa cha pamba kizito chenye upana wa sentimita 150. Ukitoa sentimita 5 kila upande kwa ajili ya kupinda mara mbili, zinabaki 140, karibu mara moja na nusu ya fimbo. Maana yake upana mmoja ulitosha, bila kuunga. Kuunga kitambaa ndiko kunakowashinda wanaoanza, hasa chenye maua, kwa sababu ua la kipande hiki lazima likutane na mwenzake.

Urefu ulihitaji akili zaidi. Kutoka kwenye fimbo hadi ukingo wa juu wa dirisha ni 12. Dirisha lenyewe ni 148. Chini ya kingo tulishusha 15. Shangazi aliona 15 ni upotevu, akapendekeza pazia liishie kwenye kingo. Lakini kingo ile imeinama karibu sentimita 2 kutoka mwanzo hadi mwisho. Pindo lililonyooka likikaa jirani na kingo iliyoinama, kila anayeingia ataona tofauti. Likishuka mbali na kingo, hakuna cha kulinganisha. Juu ya fimbo ringi huhitaji sentimita 3 za kitambaa. Jumla ni 178.

Kisha pindo. Juu sentimita 10 za kukunjia pale ringi zinapokaa, chini 15, yaani 7 na nusu zikikunjwa mara mbili. Pindo la chini lisibanwe. Uzito wake ndio unaovuta kitambaa kikae, na upepo wa Mbulu hauliinui kirahisi. Tukafika sentimita 203, tukanunua mita 2 na robo.

Ile ziada ilikuwa na kazi. Kitambaa cha pamba hunywea kinapokutana na maji, na kikinywea baada ya kushonwa umerudi kwenye pazia fupi. Tulikiloweka usiku, tukakianika, tukakipiga pasi ya mkaa, ndipo tukapima tena na kukata. Tulianza kwa kuchomoa uzi mmoja wa mshindio kutoka ukingo hadi ukingo, tukakata kwenye njia uliyoiacha. Huo ndio mstari pekee ulionyooka kweli katika kitambaa.

Bitana tulikata kwenye pazia la mtumba, tukaiacha fupi kwa sentimita 5 ili isichungulie chini. Ndiyo iliyoondoa baridi. Hewa inayonaswa katikati ya nguo mbili inafanya kazi ambayo blanketi la pili lilikuwa likifanya.

Ringi zilikuwa nane. Lazima ziwe za kugawanyika kwa mbili, ama sivyo ncha moja ya pazia itageukia ukutani na nyingine itageukia chumbani. Kutoka kila ncha tuliacha sentimita 7, zikabaki 126. Kati ya ringi nane kuna nafasi saba, na 126 kwa 7 ni 18. Shangazi, ambaye husema hisabati aliiacha darasa la saba, aliifanya hesabu hiyo kichwani kabla sijafungua simu.

Mkono haukuwa mgeni

Kuna dhana kwamba kujishonea ni jambo la mijini, la watu wenye muda. Kwa wilaya hizi si kweli. Sketi za ngozi za wanawake wa Kibarabaig, zenye vipande virefu vinavyocheza mtu akitembea, na sketi za ngozi zenye shanga za Wairaqw, zilitengenezwa na mikono ya kina mama wenyewe. Na hata leo, ingia sebule yoyote ya Dongobesh au Katesh uone vitambaa vya kufuma juu ya makochi. Dirisha dogo la choo au la stoo lina pazia zuri la kufuma ambalo halikupita kwa mtu yeyote mwenye cherehani.

Kinachokosekana ni cherehani yenyewe na mtu wa kuuliza. Mlango mmoja upo kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tango, wilayani Mbulu, miongoni mwa vyuo vya aina hiyo ambavyo nchi ilianza kuvijenga katikati ya miaka ya 1970. Mlango mwingine umefunguliwa na mitaala mipya iliyoanza Januari 2024, yenye mkondo wa amali kwa sekondari. Upo pia mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinaweza kuutumia kununua cherehani ya kuzunguka kwa zamu.

Ombi langu kwa wanaofundisha ushonaji ni dogo. Mwanafunzi anajifunza kupima kifua, kiuno na nyonga, kwa sababu anajua miili haifanani. Apelekwe pia kwenye nyumba ya mteremkoni na futikamba na pima maji, alipime dirisha lililoinama. Akitoka hapo, fundi wa kesho hatapokea uzi wenye fundo bila kuuliza fimbo inakaa wapi.

Na kwa anayeshona nyumbani nina onyo moja. Chumba chenye kibatari au jiko la mkaa karibu na dirisha si mahali pa pazia refu jepesi. Polista ikishika moto huyeyuka na kunata mwilini. Hamisha kibatari kwanza.

Wiki ya kusubiri

Jumamosi mchana tulitundika. Pindo la chini hatukulishona. Tulilipiga bandi tu kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya kufumuliwa. Kitambaa kizito kikining'inia hujivuta kwa siku kadhaa, na ukishona mapema utajikuta na pindo lenye mawimbi.

Usiku ule upepo ulikuja kama kawaida yake. Pazia lilitikisika kidogo upande wa kulia, likatulia. Shangazi aliinuka akaenda kulishika kwa chini, akalipima kwa kiganja, akasema kushoto limeshashuka kwa unene wa kidole. Amelitia alama ya chaki. Jumamosi ijayo atafumua bandi, atakata kidogo, na kulishona.